Mpingo, Klarineti na Mkono wa Sheria

Hapa Kimihurura, tunapolifundisha neno "mpingo", wanafunzi hufikiria kinyago. Wachache hujua kwamba mti huo, uvunwao hasa Tanzania na Msumbiji, ndio utengenezewao klarineti na obo zipigwazo katika okestra za Ulaya. Kwa hiyo mashtaka ya mtengeneza gitaa wa Marekani yanatugusa pia.

Kampuni ya Gibson ilipekuliwa na maofisa wa serikali mwaka 2009, na tena 2011, kwa Sheria ya Lacey, ambayo tangu 2008 yakataza kuingiza mbao zilizopatikana kinyume cha sheria za nchi zilikotoka. Wengi walilia kwamba fundi ameonewa. Kwa abunusi ya Madagaska (Bukini ya wazee wetu) hatukubaliani nao. Nchi hiyo ilikwisha kukataza abunusi ghafi isisafirishwe, na mfanyakazi wa kampuni alikwenda huko mwaka 2008 akarudi na taarifa hiyo. Mwenye habari hawezi kujitetea kwa ujinga.

Mbao za India ni shauri jingine. Hapo ubishi ulihusu kama kipande cha shingo ya gitaa kimekwisha kuchongwa au bado, na mwaka 2012, kampuni ilipokubali kulipa dola 300,000, mbao hizo zilirudishwa. Twaona serikali ilitangulia kukamata kabla ya kupambanua.

Kosa la namna hiyo lilitufikia wenyewe. Januari 2017 mkataba wa CITES ulitia chini ya vibali miti yote ya jamii ya Dalbergia, mpingo ukiwamo. Sababu kubwa ilikuwa magogo yaliyopelekwa China kufanywa samani. Lakini klarineti, itumiayo kipande kidogo tu, ikafungwa kamba moja na gogo. (Mpiga inanga wetu huenda alicheka: chombo chake chachongwa katika ubao mmoja, na hauvuki bahari.) Vyombo vya muziki vilivyokamilika viliondolewa katika masharti hayo Novemba 2019. Mpingo ghafi ulibaki chini ya vibali, na ndivyo ilivyostahili.

Lawama yetu ni kwamba katika mabishano hayo fundi na ofisa walisikika kuliko mwenye msitu. Huko Kilwa, misitu ya vijiji ilipata cheti cha uvunaji bora mwaka 2009. Wanavijiji hao hulinda mpingo ili wauuze, na mnunuzi wao ni yule yule mtengeneza klarineti.