Upepo Usiotulia, Umeme Usioyumba

Mitambo 365 ya upepo iliyosimamishwa Loiyangalani, katika kaunti ya Marsabit, yenye uwezo wa megawati 310 kwa jumla, hupeleka umeme wake hadi Suswa kwa njia ya kilovolti 400 ipitayo nyika ya zaidi ya kilomita 400. Na sharti lake ni moja lisilolegezwa, kwamba umeme huo uwe wa hertzi 50, sawasawa na ule wa mabwawa ya Mto Tana na wa mvuke wa Olkaria, ilhali upepo uliouzaa hautulii asilani.

Mafundi wa awali, hasa wa Denmark, walijiepusha na udhia huu kwa kuyafunga mabawa kwenye mwendo mmoja, upepo uwe mkali au mnyonge. Lakini bawa huvuna vyema pale tu kasi ya ncha yake inapokuwa na uwiano maalumu na kasi ya upepo. Likinyimwa uhuru huo hupoteza sehemu ya mavuno, na kila dharuba huishukia giaboksi kwa uzito wake wote.

Mtambo wa Vestas V52 uliochaguliwa Loiyangalani, wa kilowati 850, huyaacha mabawa yaende kati ya mizunguko 14 na 31 hivi kwa dakika. Stata ya jenereta, yaani sehemu isiyozunguka, huungwa na gridi moja kwa moja, na rota, ile izungukayo, kwa kupitia brashi, hulishwa mkondo ambao hertzi zake huamuliwa na kigeuzi cha kielektroniki. Tuchukue jenereta ya ncha nne za sumaku, ambayo mwendo wake wa kulingana na gridi ni mizunguko 1,500 kwa dakika: upepo ukilegea, rota ikashuka hadi 1,350, kigeuzi huipa hertzi 5 za kufidia upungufu; upepo ukishtadi, rota ikafika 1,650, hertzi 5 zilezile huingizwa kwa mfuatano uliogeuzwa, na rota, iliyokuwa ikipokea nguvu, nayo huanza kutoa.

Iktisadi ya mbinu hii ni dhahiri, maadamu kigeuzi hubeba takriban theluthi tu ya nguvu ya jenereta, na hivyo huwa kidogo na rahisi. Kasoro zake nazo hazifichiki: brashi hulika, na volti za gridi zikiporomoka ghafla mkondo hufurika katika rota, kigeuzi kikahitaji kinga. Kwa hiyo anayeagiza mitambo ya namna hii asitazame bei ya kigeuzi peke yake, bali ahesabu pia brashi, kinga, na fundi atakayekaa karibu nayo.