Uimara wa Mashine ya Kukatia Minofu katika Nyumba ya Busi

Mashine ya kukatia minofu ni kifaa chenye kisu cha duara kinachozunguka mahali pamoja, ambacho nyama husukumwa kukielekea ikiwa juu ya kitoroli kidogo, huku bamba la kupimia unene likiamua kila kipande kitoke kikiwa na milimita ngapi. Kifaa hiki kisichanganywe na mashine ya kusagia nyama, wala na msumeno wa umeme ambao Bodi ya Nyama Tanzania, chombo kilichotokana na Sheria ya Tasnia ya Nyama Na. 10 ya mwaka 2006, imekuwa ikiwahimiza wenye mabucha kuutumia badala ya shoka na gogo. Msumeno hukata mfupa; mashine ya minofu haikati mfupa hata mdogo, na anayeilazimisha huivunja siku hiyo hiyo.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika kata ya Busi, wilayani Kondoa, mkoani Dodoma, kwa sababu nyama ya kila siku ya nyumba nyingi za huko hununuliwa kwa kilo moja au nusu kilo, mara nyingi ikiwa na mifupa yake, na kisu kimoja kilichonolewa vizuri hutosha kuiandaa. Haja ya mashine huja kwa vipindi: siku ya Idd el-Hajj, harusi inapokaribia, au katika kiangazi, majira ambayo mvua hukatika kwa miezi mingi na hewa ya nyanda za kati huwa kavu kiasi cha kuwezesha minofu kukaushwa bila kuoza. Katika kukausha, usawa wa unene ndio kila kitu, kwa kuwa ukanda wa milimita tano hukauka hadi ndani wakati ule wa milimita kumi na tano, uliotundikwa kwenye kamba hiyo hiyo, bado una unyevu katikati, na ni katika unyevu huo ambamo vijidudu huendelea kuzaliana. Hivyo mashine inayonunuliwa Busi itakaa bila kazi kwa miezi kadhaa, kisha itadaiwa kazi ya saa nyingi kwa siku moja, na uimara wake hauna budi kupimwa kwa mwendo huo wa mapumziko marefu na msukosuko mfupi. Mashine nyingi za nyumbani zinazouzwa leo ziliundwa kwa mwendo ulio kinyume kabisa, yaani vipande vichache kila asubuhi kwa ajili ya mkate.

Namna tatizo la kukata lilivyotatuliwa mara ya kwanza inasaidia kuelewa kinachopaswa kutafutwa. Mwaka 1898, mchinjaji wa Rotterdam, Uholanzi, aitwaye Wilhelm van Berkel, alianza kuunda kiwandani mashine iliyoiga mkono wa mchinjaji stadi, ambaye hakandamizi kisu juu ya nyama bali hukivuta na kukisukuma kikiwa kinashuka taratibu. Nyuzi za nyama zikikandamizwa hujikunja na kukwepa makali, lakini makali yanayoteleza huzikata kwa nguvu ndogo zaidi. Van Berkel alikipa kisu umbo la duara lenye uso uliobonyea kidogo kama sahani, ili nyama iguse ukingo wa makali peke yake na isisuguane na uso mzima, kisha akaunganisha mzunguko wa kisu na mwendo wa kitoroli kwa gia za chuma zilizoendeshwa na gurudumu zito la mkono. Uzito wa gurudumu hilo ulikuwa na kazi maalumu, kwani gurudumu likishashika kasi huhifadhi nguvu na kuitoa pale kisu kinapokutana na mshipa mgumu, bila mwendeshaji kuhisi mshtuko. Baadhi ya mashine za mtindo huo zilizotengenezwa mwanzoni mwa karne ya 20 zinafanya kazi hadi sasa, na siri yake ni nyepesi: hakuna sehemu inayobeba mzigo ambayo si ya chuma, na hakuna sehemu ambayo fundi hawezi kuifungua.

Mashine ndogo ya umeme ya siku hizi imeacha sehemu kubwa ya mafunzo hayo. Mnunuzi anayetaka kujua ukweli wake na aombe kisu kifunguliwe dukani, jambo ambalo katika mashine nyingi ni la kuzungusha kitasa kimoja tu, kisha ageuze kisu na kutazama mgongo wake. Mara nyingi ataona pete yenye meno, na ndani ya mashine ataona gia ndogo inayoingia katika meno hayo. Gia hiyo ikiwa ya nailoni au plastiki nyingine, hapo ndipo mashine itakapofia. Ni haki kusema kwamba nailoni haikuchaguliwa kwa hila, kwa maana haipigi kelele, haihitaji grisi ambayo ingeweza kugusa chakula, na humtosha kabisa mtu anayekata vipande kumi kwa siku. Lakini nyama ngumu ikisukumwa kwa haraka kwa saa nzima, gia hupata moto, hulainika, na meno yake huanza kulika moja baada ya jingine hadi mota inazunguka huku kisu kimesimama. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye kilometa 251 na iliyozinduliwa mwaka 2018, imerahisisha safari ya kutafuta vipuri, ila kipuri cha mashine ambayo haina wakala nchini hakipatikani kwa sababu tu barabara ni nzuri.

Chini ya mashine, kwenye kibandiko chenye volti na wati, kuna taarifa nyingine ambayo wanunuzi wengi huipita. Mashine zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya aghalabu huwa na herufi KB zikifuatwa na idadi ya dakika, kwa mfano KB 5 min, alama inayotokana na Kijerumani na kumaanisha kwamba mota imeundwa kufanya kazi mfululizo kwa dakika tano tu, kisha izimwe hadi ipoe. Kwa mwenye minofu ya mbuzi mzima mbele yake, dakika tano si kitu, na wati nyingi zilizoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi haziondoi sharti hilo. Umeme nao ni lazima ulingane: nyumba za Tanzania hutumia volti 230 na mzunguko wa hezi 50, kwa hiyo mashine ya volti 120 iliyoletwa zawadi kutoka Marekani itaungua ikichomekwa bila transfoma. Hata penye volti sahihi, umeme unaposhuka mashine huteseka, kwa sababu nguvu ya kuzungusha ya mota ya induksheni hufuata mraba wa volti, na volti 230 zikipungua kuwa 180, mota hubakiwa na takriban asilimia 61 tu ya nguvu hiyo.

Kuhusu kisu chenyewe, chenye makali laini kichaguliwe badala ya chenye meno, kwa kuwa meno ni ya mkate na hayanoleki nyumbani. Chuma kisichoshika kutu, chenye kromiamu kuanzia takriban asilimia 13, hufaa zaidi kwa kifaa kitakachokaa kabatini muda mrefu kuliko chuma cha kaboni kilichopakwa kromiamu, ambacho hushika makali vizuri lakini hushambuliwa na kutu pale mpako unapobanduka. Kunoa kufanywe kwa kinoo na maji, taratibu, upande wa makali ukizungushwa wote sawasawa ili duara lisiharibike. Jiwe la grainda, ambalo mafundi wengi hulikimbilia, hukipasha kisu moto kupita kiasi, na ukingo ukigeuka rangi ya samawati sehemu hiyo imepoteza ugumu wake na haitashika makali tena.

Ng'ombe wa asili wa nyanda za kati, zebu mwenye nundu anayetembea mbali kutafuta maji na malisho, ana minofu yenye mafuta kidogo na kano imara, na hata ng'ombe wa Mpwapwa, aliyetokana na utafiti wa mifugo katika mkoa huo huo wa Dodoma, hakufugwa kwa ajili ya vipande laini vya mezani. Nyama ya namna hiyo iondolewe kano kwanza, ipozwe hadi karibu na nyuzi 0 za Selsiasi ili ikaze bila kuganda, kisha ikatwe kukingama na nyuzi zake. Iliyoganda kama jiwe isiwekwe kabisa. Kishikio cha nyama kitumike hadi kipande cha mwisho, plagi ichomolewe kabla ya kusafisha, na mgongo wa kisu ufutwe, maana mabaki hujificha huko. Kabla ya kuhifadhiwa, mashine ikaushwe kabisa, ipakwe utando mwembamba wa mafuta ya mashine yasiyodhuru chakula kwenye ekseli na reli ya kitoroli, na kufunikwa dhidi ya vumbi.

Kwa vigezo hivyo, chaguo bora kwa nyumba ya Busi ni mashine ya mkono yenye gia za chuma, kisu laini na kibano cha kuifunga mezani. Ya umeme inayostahili fedha ni ile kubwa ya bucha, yenye kisu cha sentimita 22 au zaidi na mota inayoruhusiwa kufanya kazi kwa muda mrefu, na hiyo ni busara inunuliwe na nyumba kadhaa kwa pamoja. Asiyemudu mojawapo kati ya hizo anunue kisu kizuri na kinoo, kuliko kutoa fedha yake kwa mashine yenye gia ya plastiki.