Rangi Isiyowaka Ovyo

Mwalimu wangu wa kemia alikuwa akitengeneza rangi zake mwenyewe. Siku nzima aliinamia mrija wa kioo uliojaa unga wa silika, akikinga matone kwenye vichupa, kisha kila kichupa akikitazama chini ya taa ya urujuanimno. Vilivyong'aa alivitenga, akavimwaga. Nilishangaa: mtu anatafuta mwanga, mbona anamwaga kinachowaka?

"Hiyo imeshafunguka," alinijibu. "Itanidanganya kabla haijafika kwenye seli."

Alichobakiza hakikuwa na mng'ao wowote. Akakizungushia foili, mikunjo miwili, akakitia kwenye friza.

Ufundi wote umo humo. Fluoresini, rangi aliyoiunda Adolf von Baeyer mwaka 1871, huwaka yenyewe. Kazi ni kuinyamazisha. Huvishwa vifuniko viwili vya asetili, ikaingia kwenye seli hai ikiwa giza. Humo ndani esterasi, vimeng'enya vya seli yenyewe, huvivua. Ikishavuliwa hupata chaji, utando ukawa mgumu kuupita, na seli ikaanza kung'aa kijani. Kasi ya kung'aa huko ndiyo inayotueleza kimeng'enya kinafanya kazi kiasi gani, na seli haijapasuliwa. Watafiti Rotman na Papermaster waliyaandika hayo mwaka 1966. Mwaka 1981 Roger Tsien, akiwa Cambridge, alitumia vifuniko vya jamii hiyo kupenyeza vipimo vya kalsiamu bila kuchoma seli sindano. Na mwaka 2011 Yasuteru Urano wa Tokyo na wenzake walipulizia rangi yao kwenye matumbo ya panya wagonjwa, na vivimbe vya saratani vikawaka ndani ya muda mfupi.

Siku hizi rangi huja kwa kifurushi, na aliyeipokea hamjui aliyeitengeneza. Hilo si kosa. Kinachoniuma ni kwamba hatuijaribu tena. Nimekaa kwenye vikao vya maabara ambako picha ilipakwa mwanga kwenye kompyuta mpaka kila seli ikawaka, na hapakuwa na sahani ya pili, ile yenye dawa ya kuzuia kimeng'enya, ya kuonyesha kwamba mwanga ule ulitoka kwa kimeng'enya kweli. Mwalimu asingeitazama picha hiyo mara mbili.

Ndugu yangu unayefungua kifurushi leo, iangalie rangi yako kwanza chini ya taa, kabla ya seli. Kisha iandae ile sahani ya pili.