Kinjah, upepo wa kusi na gurudumu la mwenzako

Ukizungumzia mbio za baiskeli hapa Mtopanga, utajibiwa upesi: sisi hatuna milima. Kikuyu, ambako David Kinjah amelea waendeshaji kwa miaka mingi, iko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na bahari yenyewe sisi tuko jirani nayo. Basi kesi inafungwa hapo. Mimi naona imefungwa mapema mno.

Kinjah aliiendeshea Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola na akawahi kusajiliwa na timu ya kulipwa ya Italia. Hakungoja kustaafu ndipo awe kocha. Nyumba yake ya Mai-a-Ihii ilikuwa karakana, bweni na darasa kwa wakati mmoja, na kundi lake likajulikana kwa jina la Safari Simbaz. Chris Froome alipelekwa kwake na mamake akiwa bado mtoto. Machi 2006, mjini Melbourne, Froome alivaa jezi ya Kenya akamaliza wa 17 katika mbio za kushindana na saa; baadaye, akiwa chini ya bendera ya Uingereza, alishinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017.

Linganisha na Sean Kelly wa Ireland, bingwa wa Paris–Nice mara 7 mfululizo, 1982 hadi 1988. Timu iliyobeba jina lake iliwaweka vijana Ubelgiji, kwenye mbio za kila mara. Kinjah hakuwa na Ubelgiji. Alipanda baiskeli yeye mwenyewe akawa kocha na mpinzani, na kijana alijifunza kwa kung'ang'ania gurudumu la nyuma la mwalimu wake. Hapo ndipo penye kazi, na hapahitaji mlima.

Anza na miguu. Chukua baiskeli ya blackmamba ya kubebea maji, yenye meno 44 mbele na 18 nyuma. Mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza mita 5.4 hivi. Ukizungusha mara 60 kwa dakika, mwendo ni kilomita 19 kwa saa. Ukifika 90, ni 29, kwa gia ileile. Wengi wetu husukuma pedali kwa uzito, kama wanaopandisha mzigo, hata wakiwa na baiskeli ya gia nyingi. Pale Mont Ventoux, Julai 14, 2013, Froome aliwatoroka wenzake akiwa amekaa kitini, miguu ikizunguka kwa kasi ya ajabu. Sisemi hilo alilitoa Kikuyu, ila mwenye blackmamba anaweza kuanza kulizoea leo.

Sasa upepo. Hewa ya Kikuyu ni nyepesi kuliko yetu kwa karibu asilimia 18, kwa hiyo huku pwani mwendo uleule unakumbana na ukuta mzito zaidi. Anayejificha vizuri nyuma ya mwenzake huokoa robo hadi theluthi ya nguvu zake. Kwa maneno mengine, ufundi wa msafara unalipa zaidi hapa kwetu Kisauni kuliko Kikuyu, na hakuna anayeufundisha kwa bidii. Jumapili asubuhi utawaona vijana wanaelekea Mtwapa bega kwa bega wakipiga soga, kila mmoja akipasua hewa yake.

Msimu wa kusi, safari ya kwenda Mtwapa ni ya kusukumwa. Mtihani ni kurudi. Bahari iko kushoto, na upepo unakujia mbele kidogo kutoka upande huohuo. Kivuli cha upepo basi hakiko nyuma moja kwa moja. Kiko nyuma na kulia. Wakijipanga mshazari kukifuata, wa mwisho atajikuta katikati ya barabara, kwa hiyo msafara usizidi watu watatu au wanne. Wengine waunde msafara wao nyuma. Wa mbele avute nusu dakika, kisha ajitoe kushoto, upande wa upepo, apunguze mwendo na kurudi mkiani. Ndiyo maana hatakiwi kuubana ukingo wa lami tangu mwanzo. Akiubana, siku akichoka hana pa kutokea ila kulia, mbele ya matatu inayokuja kasi kutoka Malindi.