Wakati, Mauti au Ajali? Tafsiri ya Neno Moja la Vishvarupa

Mjadala kuhusu Vishvarupa, umbo kuu ambalo Krishna anamdhihirishia Arjuna katika sura ya 11 ya Bhagavad Gita, aghalabu huishia kwenye fahari yake: vinywa na macho yasiyo idadi, mwanga wa jua elfu. Makala haya yanashikilia kwamba uzito wa sura hiyo umo katika ubeti wa 32. Arjuna amekwisha kuliuliza umbo hilo la kutisha kuwa ni nani, na jibu linajengwa juu ya neno moja la Kisanskriti, kala.

Kala ni wakati. Pia ni mauti. Charles Wilkins, aliyetafsiri Gita kwa Kiingereza mwaka 1785, alichagua wakati. Arthur Ryder, mwaka 1929, alichagua mauti, na mwanafunzi wake Robert Oppenheimer akaueneza uteuzi huo duniani alipokuwa akilikumbuka jaribio la bomu la atomiki la mwaka 1945. Mfasiri wa Kiswahili anayepitia Kiingereza huurithi uamuzi huo bila kujua kwamba palikuwa na jambo la kuamuliwa.

Kwa maoni yangu, mauti inapunguza mno. Mashujaa ambao Arjuna anawaona wakikimbilia vinywani bado wako hai uwanjani Kurukshetra. Umbo linamwonyesha yajayo kana kwamba yamekwisha kutendeka. Hiyo ni kazi ya wakati. Kiswahili kina neno linalozikaribia maana zote mbili: ajali, kwa maana yake ya zamani ya saa ya kufa iliyokadiriwa. Lakini ajali hukadiriwa na Mungu kwa kiumbe, ilhali hapa Mungu mwenyewe ndiye muda. Tena msomaji wa leo atafikiria basi lililopinduka kabla ya kufikiria Kurukshetra.

Ninapendekeza Wakati. Anayehofia upatanisho wa kisarufi, kwa kuwa nomino hii si ya viumbe hai, azingatie kwamba msemaji ni Krishna: kiambishi ni- cha nafsi ya kwanza kinatosha.

Suala la mizani ni gumu zaidi. Shloka, ubeti wa kawaida wa Gita, ina mistari miwili ya mizani 16, iliyogawika 8 kwa 8, kama ukwapi na utao wa shairi letu. Kuanzia ubeti wa 15, Arjuna aliyeduwaa anapofungua kinywa, vipande vinakuwa vya mizani 11, na havirejei 8 hadi ubeti wa 50 upite, Krishna akiwa amekwisha kurudia umbo la upole. Tafsiri ya nathari inaufuta mpito huo. Shairi la mizani 16 kutoka mwanzo hadi mwisho linaufuta vilevile.