Volti 0.66: mwongozo wa mashine unapopitwa na gari

Fundi anachomeka mashine ya kupimia kwenye Toyota ya mwishoni mwa miaka ya 1990, iliyotengenezewa soko la Marekani. Sensa ya mbele ya ekzosi inasoma volti 0.66 na namba haichezi. Kitabu chake kinasema sensa nzima ya oksijeni hupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9, na volti zikikaa juu mafuta yamezidi. Anaamua sensa imekufa. Mpya inanunuliwa, inafungwa, nayo inasoma 0.66.

Sensa zote mbili ni nzima. Toyota ilikuwa imeanza kufunga sensa ya uwiano wa hewa na mafuta, ambayo mchanganyiko ukiwa sawa hutulia kwenye volti 3.3 hivi. Kanuni za OBD II (mfumo wa gari kujichunguza hitilafu), zilizokuwa lazima Marekani kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, zilitaka namba iliyo kati ya 0 na 1, hivyo mashine za kawaida zilionyesha 3.3 iliyogawanywa kwa 5. Isitoshe, kwenye sensa hii volti zikipanda, mafuta ni machache. Mwongozo uliopitwa na wakati haunyamazi ukikutana na gari usilolijua. Hujibu kwa uhakika uleule, na mteja ndiye anayelipa.

Namba za hitilafu nazo zina mtego. P0171 ni mchanganyiko wenye mafuta machache kwa kila kiwanda, lakini P1300 kwa Toyota ni saketi ya kifaa cha kuwashia cheche (igniter), na kwa Honda ni silinda zinazokosa kuwaka.

Kazi ya kusasisha huanzia kwenye daftari. Kila mashine iandikiwe namba yake, toleo la programu, tarehe ya kusasishwa, na toleo la mwongozo linaloendana na programu hiyo. Programu na mwongozo visasishwe siku moja. Programu ikitangulia peke yake, menyu hubadilika, vipimo vipya huongezeka, na fundi anasoma skrini ya mwaka huu kwa maelezo ya mwaka juzi. Taarifa ya mabadiliko inayokuja na toleo jipya ichapishwe, na mafundi waisome kabla mashine haijarudi kazini.

Wengi huchukulia kwamba kusasisha ni kutupa cha zamani. Kwa gereji zetu hilo ni kosa kubwa. Corolla NZE121, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2000, bado ipo barabarani. Kwenye Toyota za miaka ile hitilafu ya mfumo wa VVT, unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, ilitokea kama P1349. Za baadaye huonyesha P0011 au P0012. Fundi mwenye kitabu kipya pekee ataitafuta P1349 asiione. Kitabu cha zamani kibaki rafuni, juu ya jalada paandikwe aina ya chasisi, injini na miaka kinayohusu. Gari lililotengenezewa soko la Japani lina namba ya chasisi badala ya ile ya tarakimu na herufi 17, hivyo mashine nyingi haziwezi kulitambua zenyewe. Fundi ndiye anayechagua modeli, na akikosea hapo, hata mwongozo mpya kabisa haumsaidii.

Ugumu mwingine ni mashine za kupimia zilizonakiliwa. Wauzaji wake huonya zisiunganishwe na intaneti zisije zikafungwa. Anayeinunua amenunua maarifa yaliyoganda siku ile, na kwa maoni yangu hasara hiyo inazidi ada ya mwaka ya mashine halali.

Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8 kuingia nchini. Kwa hiyo gereji ya Nairobi inaweza kujua leo magari yatakayoshuka Mombasa miaka ijayo, kwa kuwa mengi yanauzwa mapya Japani sasa hivi. Miongozo ya yale ya haibridi kati ya hayo ipatikane mapema, ikianza na kurasa za kukata umeme wa betri kubwa, ambao kwenye magari mengi hupita volti 200 na unaweza kuua.