Erotika na Tatizo la "Picha Chafu"

Wafasiri wetu wakikutana na neno erotika hukimbilia ama "matusi" ama "picha chafu". Yote mawili ni hukumu, si istilahi. Neno hilo latokana na Erosi, mungu wa mapenzi wa Wayunani wa kale, nalo hutaja maandishi, nyimbo au michoro iamshayo ashiki. Ponografia ni jambo jingine, nayo imekatazwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mfasiri ayaitaye yote mawili kwa jina moja humfanya karani amweke mshairi katika jalada la mhalifu. Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyotolewa mwaka 1971, ilipata mkasa wa namna hiyo: ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, ingawa kiini chake ni malezi.

Mila zetu zilikuwa na kipimo bora zaidi. Tuwatazame Wanyakyusa wa Rungwe, mkoani Mbeya, kama walivyoelezwa na Monica Wilson katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951. Vijana wa rika moja walijenga kijiji chao kando ya wazazi, na sababu waliyoitoa wenyewe ilikuwa staha. Mazungumzo ya mapenzi yaliyoruhusiwa baina ya marika hayakupasa kufika masikioni mwa wazazi. Mke wa kijana naye alimwepuka kabisa baba mkwe. Neno lilelile lilikuwa mzaha huku, aibu kule. Swali lao kubwa lilikuwa: nani anasikia?

Simu ya mkononi imeuvunja uzio huo. Shairi ambalo kijana wa Tukuyu amemtumia mchumba wake aliyeko chuoni Iringa laweza kusomwa jioni ileile na ukoo mzima, baba mkwe akiwamo. Shairi halikubadilika; wasikilizaji ndio waliobadilika.

Kwa hiyo napendekeza "sanaa ya ashiki", na kwa maandishi "fasihi ya ashiki". "Mahaba" hayatoshi, kwani yapo mahaba yasiyogusa mwili. Yupo atakayesema kwamba ashiki ni neno la washairi wa pwani, halijulikani Mafinga. Mbona watu wa pwani walilipokea "ikulu" kutoka bara? "Ponografia" ibaki kwa wanasheria, na "matusi" yabaki kwa maneno ya kumvunjia mtu heshima. Kila fasili katika faharasa zetu ionyeshe pia hadhira inayokusudiwa, kama kamusi zionyeshavyo ngeli.